Kibofu Chenye Haraka: Si Kila Kubanwa na Mkojo ni UTI

Ingia duka la dawa la mtaani useme unakojoa kila mara. Kabla hujamaliza kueleza, jibu limeshatoka: hiyo ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Unapewa sipro, antibiotiki ya vidonge, unaambiwa unywe maji mengi, unaondoka. Baada ya wiki mbili umerudi kaunta ileile, na safari hii unapewa dawa kali zaidi. Ukirudi mara ya nne ugonjwa unabadilishiwa jina, sasa una UTI sugu. Muda wote huo hakuna aliyekuuliza swali moja dogo: ukishakimbilia chooni, mkojo unaotoka ni kiasi gani?

Jibu la swali hilo linatenganisha magonjwa kadhaa ambayo kwa nje yanafanana kama mapacha. Mojawapo halina bakteria wala homa, na antibiotiki hata ziwe kali vipi hazitaligusa. Ni hali ya kibofu kutoa amri ya kukojoa kabla hakijajaa. Kwenye faili la hospitali utaikuta imeandikwa kwa herufi tatu, OAB, kifupi cha Kiingereza cha overactive bladder. Hapa nitaiita kibofu chenye haraka, kwa sababu haraka ndiyo roho ya tatizo lenyewe.

Breki iliyolegea

Kibofu cha mtu mzima ni mfuko wa msuli unaobeba takribani mililita 400 hadi 600, kama chupa ndogo ya maji ya dukani. Figo zinaujaza kidogo kidogo usiku na mchana, na msuli huo unalegea na kutanuka bila wewe kuhisi kitu. Mkojo ukifika mililita 150 au 200 hivi, neva zinapeleka habari ya kwanza kwenye ubongo kupitia uti wa mgongo. Ni habari tu, na ubongo una haki ya kuiweka kando: bado, mkutano haujaisha, bado, basi halijasimama. Mtu anaendelea na shughuli zake saa moja au zaidi. Akishafika chooni ubongo unaachia breki, msuli wa kibofu unabana, na mlango wa chini unafunguka.

Mtoto mchanga hana breki hiyo, kibofu kikijaa kinamwaga. Ubongo wake unajifunza kukizuia taratibu, na wengi wanaweza kuanzia miaka miwili hadi minne. Kwa mwenye kibofu chenye haraka ni kana kwamba mafunzo yale ya utotoni yamelegea. Msuli unaanza kubana wenyewe kibofu kikiwa na mkojo kidogo, au neva zinapiga kelele kwa kiasi ambacho zamani zisingekitaja. Ndiyo maana nakasirika nikisikia mtu akiambiwa anajiendekeza. Anaposema amebanwa, amebanwa kweli, hata kama kitakachotoka hakijazi kikombe cha kahawa.

Dalili zenyewe

Mwaka 2002 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa matatizo ya kuzuia haja iliweka maana ya hali hii, na kiini chake ni hamu ya ghafla ya kukojoa ambayo ni vigumu kuiahirisha. Kwenda chooni mara nyingi na kuamka usiku huambatana nayo kwa kawaida. Mkojo kutangulia kabla ya kufika chooni unaweza kuwepo au usiwepo. Wapo wengi ambao hawajawahi kulowa hata mara moja, na kwa hiyo wanadhani hawana tatizo. Sharti jingine ni kwamba pasiwe na UTI wala ugonjwa mwingine unaoeleza dalili hizo.

Hiyo hamu ya ghafla inahitaji kuelezwa vizuri, maana kila mtu amewahi kubanwa. Kubanwa kwa kawaida kunapanda kama maji ya bomba yanayojaza ndoo, unayaona yanavyokaribia ukingo na unajipanga. Kwenye kibofu chenye haraka ndoo haionekani ikijaa. Ulikuwa unazungumza na jirani vizuri tu, ghafla umekunja miguu na jasho jembamba linakutoka.

Mara nyingi kuna kichocheo. Cha kwanza ambacho wagonjwa husimulia ni mlango wa nyumbani: njia nzima ulikuwa salama, ukaingiza ufunguo kwenye kitasa, na hapohapo mkojo unataka kutoka. Kwa wengine ni sauti ya bomba, au kutia mikono kwenye maji ya kuoshea vyombo. Watu wanaficha jambo hili wakidhani wamechanganyikiwa, kumbe madaktari wanalijua vizuri. Kwa miaka mingi ubongo umezoea kuunganisha mlango wa nyumbani na choo, na breki iliyokwisha kulegea inaachia mapema.

Kuhusu idadi, wataalamu wengi huanza kuangalia kwa makini pale mtu anapokojoa mara nane au zaidi kwa saa 24. Usiishikilie namba hiyo kama sheria. Anayefanya kazi juani na kunywa lita nne za maji atakwenda mara kumi, na hana ugonjwa wowote. Usiku, kuamka mara moja hakuwasumbui wengi, lakini kuanzia mara mbili usingizi unaanza kuliwa. Kwa mzee ambaye choo chake kiko uani, kila safari ya gizani ni nafasi ya kuteleza na kuvunjika nyonga. Familia nyingi hulalamikia kelele za mlango usiku na hazioni hatari hiyo.

Kisha kuna dalili ambazo hazipimwi kwa namba, nazo ni namna maisha yanavyoanza kupangwa na kibofu. Mtu anaacha kukaa dirishani kwenye basi. Anajua kila choo cha kulipia kuanzia Kariakoo hadi Posta. Siku ya safari ya mkoani hanywi hata chai, kwa sababu gari linasimama kuchimba dawa pale dereva atakapo. Msibani anakaa karibu na njia ya kutokea, na kwenye mkoba kuna kanga ya akiba. Wapo Waislamu walioacha jamaa msikitini kwa kuhofia udhu kutenguka katikati ya rakaa. Kwa hao niseme: fikihi imemfikiria mtu ambaye mkojo haumkatiki. Anahesabiwa mwenye udhuru, na ana utaratibu wake wa kujisitiri na kutawadha kwa kila swala ya faradhi wakati wake unapoingia. Mtu amuulize shehe wake, aeleze bila haya kama mkojo unavuja mara chache au muda wote, maana hukumu inategemea hilo.

Na hili si tatizo la wanawake peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha watu zaidi ya 19,000 wa Kanada, Ujerumani, Italia, Sweden na Uingereza, ulikuta dalili hizi kwa asilimia 12.8 ya wanawake na asilimia 10.8 ya wanaume. Pengo ni dogo kuliko wengi wanavyodhani.

Yanayofanana nalo

UTI ya kweli ina sura yake. Huanza ndani ya siku chache: mkojo unachoma, unaweza kuwa na ukungu au harufu kali, tumbo la chini linauma, na ikipanda hadi kwenye figo inaleta homa na maumivu ya mgongo pembeni. Kibofu chenye haraka hakichomi. Kinakwenda kwa miezi na miaka, leo afadhali kesho vibaya. Kipimo cha kijiti kinaweza kuonyesha dalili za maambukizi kwa dakika chache, na pale penye shaka mkojo unaoteshwa maabara kwa siku mbili au tatu ili kuona kama bakteria wapo na dawa gani inawaua. Ambaye ameshameza dozi tatu bila mkojo wake kuoteshwa hata mara moja, na adai kuoteshwa kabla ya dozi ya nne. Antibiotiki zisizohitajika zinawafundisha bakteria usugu, na siku UTI ya kweli ikija dawa itashindwa.

Kisukari kinajitambulisha kwa kiasi. Sukari ikizidi kwenye damu inatoka na mkojo na kuvuta maji mengi, kwa hiyo kila safari ya chooni mkojo ni mwingi, na kiu haikatiki. Hapa ndipo lile swali la mwanzo linapofanya kazi: mkojo mwingi kila mara unaelekeza kwenye sukari au kwenye unywaji wenyewe, mkojo kidogo wenye haraka kubwa unaelekeza kwenye kibofu.

Kwa mwanamume aliyevuka miaka 50, tezi dume haiwezi kuachwa nje ya mazungumzo. Dalili zake ni mkojo kuchelewa kuanza, kutoka kwa mkondo mwembamba, kukatikakatika, na kuhisi kwamba umebaki ndani. Lakini tezi ikiziba njia kwa muda mrefu, msuli wa kibofu unaosukuma dhidi ya kizuizi hicho unaweza kuwa mkorofi, ukaanza kubana ovyo. Basi mzee mmoja anakuwa na yote mawili, na kutibu moja tu kunamwacha katikati.

Kuna mkojo unaovuja bila haraka yoyote. Mama anakohoa, anapiga chafya, anacheka au ananyanyua ndoo ya maji, na matone yanatoka. Huo ni ulegevu wa misuli ya sakafu ya nyonga na mlango wa kibofu. Wengi wana mchanganyiko, kwa hiyo daktari atauliza: mkojo unakutoka ukiwa unafanya nini?

Mwanamke ambaye baada ya uchungu wa muda mrefu amebaki akitokwa na mkojo mfululizo, mchana na usiku, bila hata kuhisi kubanwa, hana kibofu chenye haraka. Hiyo huenda ni fistula ya uzazi, tundu kati ya kibofu na uke. Inatibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu wanawake hao bila malipo. Kumwambia azoee ni ukatili.

Na sisi tulio ukanda huu tuna moja ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa kupita: kichocho cha mkojo. Anayejua mabwawa ya Pemba, mito ya pwani au majaruba ya mpunga ya kanda ya ziwa anajua pia konokono wanaoishi humo, ambao hubeba minyoo ya kichocho kabla haijamwingia mtu. Minyoo ya kichocho hutaga mayai ambayo hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuuchokoza, na mtu hukojoa mara kwa mara kwa haraka na maumivu, huku matone ya mwisho yakiwa na damu. Kuna vijiji ambako damu hiyo kwa mvulana ilichukuliwa kuwa hatua ya ukubwa. Ni ugonjwa, dawa yake ni prazikwanteli, na ukiachwa kwa miaka unaweza kuishia kwenye saratani ya kibofu.

Nani yuko kwenye hatari zaidi

Umri unakuja mbele, lakini naomba usisomwe vibaya. Kadiri miaka inavyokwenda kibofu kinapoteza unyumbufu na breki ya ubongo inachoka, kwa hiyo hali hii huongezeka. Hilo halimaanishi kwamba ni kawaida ya uzee na mtu aachwe nayo, kama vile hatumwachi bibi na mtoto wa jicho kwa sababu tu amezeeka.

Kwa wanawake, kukoma hedhi kunapunguza homoni ya estrojeni inayolinda tishu za njia ya mkojo, na mimba na uzazi vinachosha misuli ya nyonga. Uzito nao unahesabika. Tumbo kubwa linakikalia kibofu saa zote. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 kwa wanawake wenye uzito uliozidi waliokuwa wakivujwa na mkojo ulionyesha kwamba kundi lililopunguza wastani wa asilimia 8 ya uzito ndani ya miezi sita lilipunguza matukio ya kuvuja kwa asilimia 47, wakati kundi lililopewa elimu tu lilipunguza asilimia 28. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 8 ni kama kilo saba. Hizo zinapatikana bila kujiua kwa njaa.

Magonjwa ya neva ni mlango mwingine. Kiharusi kinaweza kukata breki ya ubongo, na ndugu wanaomuuguza mgonjwa hudhani amekuwa mvivu wa kusema. Parkinson, ugonjwa wa neva unaoleta mtetemeko, hufanya hivyohivyo. Jeraha la uti wa mgongo, ambalo ajali za bodaboda zimelileta hadi kwa vijana, linakata waya kati ya kibofu na kichwa. TB ya uti wa mgongo inaweza kufanya vilevile. Kisukari kinarudi hapa kwa mlango wa pili, maana kikikaa miaka mingi bila kudhibitiwa kinaharibu neva za kibofu chenyewe. Choo kigumu pia kimo: utumbo uliojaa unakibana kibofu, na wapo watu ambao haraka hupungua sana wakishatibiwa tu kufunga choo.

Dawa zinahitaji jicho. Wagonjwa wengi wa presha hupewa dawa za kukojosha, kama furosemaidi au hidroklorothiazidi, na anayezimeza jioni anajitafutia usiku wa mbio. Amlodipini, dawa nyingine ya presha inayotumika sana kwetu, inaweza kuvimbisha miguu. Maji yaliyojikusanya miguuni mchana yanarudi kwenye damu ukilala, na figo zinayatoa saa nane za usiku. Aliyeamka mara tatu anakilaumu kibofu wakati chanzo kiko kwenye vifundo vya miguu. Asiache dawa. Amuulize daktari kuhusu saa ya kumeza, au kama kuna ya kubadilisha.

Na vinywaji. Kafeini inaongeza mkojo na kwa wengi inakichokoza kibofu. Kahawa chungu ya barazani baada ya isha, chai ya rangi iliyokolea, na zile soda za kuongeza nguvu ambazo madereva wanazinywa kama maji, zote zina kafeini. Wakati wa Ramadhani, aliyefunga mchana kutwa anakunywa karibu yote kati ya magharibi na daku, kisha anashangaa kwa nini halali. Sigara nayo imo. Inahusishwa na kibofu, na kikohozi chake kinachosha nyonga.

Halafu kuna makosa mawili tunayoyafanya kwa nia njema. La kwanza ni kukojoa kwa tahadhari, kwenda chooni kila unapopita karibu nacho ili usije ukabanwa. Ukifanya hivyo miezi kadhaa unakizoesha kibofu kushika kidogo, nacho kinadai mapema zaidi. La pili ni kuacha kunywa maji. Mkojo unakuwa mzito na mkali, unakichokoza kibofu, choo kinakuwa kigumu, na UTI ya kweli inapata nafasi. Mtu mzima asiye na katazo la daktari anaweza kulenga lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, zaidi kidogo kwenye joto, na kupunguza saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Daftari la siku tatu

Chombo bora cha kutambua hali hii kinapatikana nyumbani. Chukua kopo la plastiki, litie alama kwa chupa ya nusu lita unayoijua, na kwa siku tatu andika saa uliyokojoa, kiasi kilichotoka, ulichokunywa, na kama ulikuwa na haraka au ulilowa. Usibadilishe mazoea yako siku hizo. Ukikuta mililita 80, 100, 90 pamoja na neno haraka pembeni, kibofu kimejieleza. Ukikuta 450 kila baada ya saa moja, nenda kapime sukari. Mkojo mwingi wa siku nzima ukiwa umetoka usiku, angalia miguu, dawa, na hata moyo.

Hospitali utapimwa mkojo, sukari, na mara nyingi utafanyiwa ultrasaundi ya kuona mkojo unaobaki baada ya kukojoa. Kama ni kibofu chenye haraka, matibabu huanza bila dawa: kukizoesha kibofu upya kwa kuchelewesha safari ya chooni dakika chache, mpaka nafasi kati ya safari iongezeke, na kukaza misuli ya nyonga, mazoezi ambayo daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaeleza mwaka 1948 na yanawafaa wanaume pia. Haraka ikikupata, usikimbie. Simama au kaa, kaza misuli ile mara tano au sita haraka haraka kama unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, subiri wimbi lipite, kisha tembea. Matokeo yanahitaji wiki sita hadi kumi na mbili, na wengi wanakata tamaa wiki ya pili.

Dawa zipo, kama oksibutinini, tolterodini na solifenasini. Hukausha mdomo na kufunga choo, na kwa wazee zinaweza kuvuruga akili, kwa hiyo si za kununua kwa kuazima jina kwa jirani. Mirabegroni haina sana matatizo hayo lakini inahitaji presha iangaliwe. Zikishindwa, kuna sindano za botoksi za kulegeza msuli wa kibofu na tiba za kuchochea neva, ambazo hupatikana kwa wataalamu wachache.

Usisubiri daftari likamilike ukiona damu kwenye mkojo, homa yenye maumivu ya mgongo, au mkojo umegoma kabisa kutoka. Na ikitokea ghafla miguu imelegea, sehemu za siri na makalio zimekufa ganzi, na huwezi kuzuia au kutoa haja, huo ni uti wa mgongo unaobanwa. Nenda hospitali kubwa siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Wengine wote, ingieni kwa daktari na daftari mkononi. Msiseme "nina UTI sugu." Semeni: "Nabanwa ghafla mara kumi na mbili kwa siku, kinachotoka ni kidogo, hakichomi, na nimeamka mara tatu usiku wa jana."